Namna ya Kuajiriwa na Chuo Kinachokudai

Tangazo la kazi kwa wanafunzi hubandikwa Ijumaa saa kumi jioni. Siku ya mwisho ya kuomba ni Ijumaa hiyo hiyo, saa kumi na moja. Usikasirike, wala usiseme ni uzembe wa karani. Huo ndio usaili wa kwanza, na umeshaanguka.

Sikiza basi. Hatua ya kwanza si kusoma ubao wa matangazo. Ubao husomwa na wanaotafuta vyumba na waliopoteza vitambulisho. Hatua ya kwanza ni kumjua anayebandika. Yeye ndiye mwenye gundi, na karatasi huipata Jumanne. Msalimu kila asubuhi, tena kwa jina la mwanawe wa kwanza. Muulize goti lake limeamkaje. Wiki ya tatu atakwambia, bila kukutazama, "Weka makaratasi yako tayari." Usimpe kitu. Ukimpa ataona unazo, na mwenye nazo hastahili kazi hii.

Mpango wenyewe tuuite kazi-na-masomo. Mwanafunzi aliyekwama karo anafanya kazi chuoni saa chache kwa wiki, na chuo kinampunguzia deni. Vyuo vingi vya Kenya vinao, kwa jina hili au lile. Changu sitakitaja, maana cheti changu bado kimo kabatini mwao. Nilikuwa nikikaa Ganjoni, nyuma ya jengo la mawakala wa forodha, katika chumba cha uani tulicholala watu wanne na baiskeli. Niliyoyaona ndiyo nikupayo, na hayatakusaidia.

Wala fikra si ngeni. Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, wanafunzi wa Tanzania wakashika majembe. Wamarekani walikuwa wametangulia: tangu 1964 serikali yao huchangia ujira wa wanafunzi wahitaji wanaofanya kazi wakiwa masomoni, na kule Kentucky kuna chuo cha Berea kisichotoza karo ya masomo, ila kila mwanafunzi sharti afanye kazi. Sisi jina tulilichukua kwa Wamarekani, jembe kwa Mwalimu, na bajeti hatukuichukua kwa mtu yeyote.

Kabla hujaomba, usimwambie ami yako. Yeye alisoma zama ambazo mwanafunzi ndiye aliyepewa pesa za matumizi, wakiziita bumu, na atakusimulia habari za bumu mpaka chai ipoe. Mkopo wa serikali kwa wanafunzi ulianza 1974. Wengi waliupokea kama zawadi ya harusi, wakaendelea na maisha, hadi 1995 ilipoundwa bodi ya mikopo, HELB, ikaanza kuwatafuta. Msikilize ami kwa adabu. Usimuulize kama amemaliza kulipa.

Usimwambie na babu pia. Babu atakurudisha Tudor, kwenye Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho yeye hadi leo anakiita MIOME. Hakosei sana. Kilianza kama taasisi ya elimu ya Waislamu, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamii ya Mabohora miongoni mwa wengine, kikafungua madarasa 1951 kuwafunza vijana ufundi. 1966 kikabadilishwa jina, 1972 kikawa politekniki, 2007 chuo kikuu kishiriki, 2013 chuo kikuu kamili. Majina yamebadilika mara nne, na mara zote nne mzazi wa Mombasa ameuliza swali lile lile: ukitoka huko, utaajiriwa wapi? Jibu "humo humo" halikuwahi kumridhisha babu yeyote.

Hatua ya pili: thibitisha umaskini. Umaskini wa kuonekana kwa macho hautoshi. Lazima uwe na mhuri. Mwaka wangu walitaka barua ya chifu, barua ya imamu au kasisi, nakala za vitambulisho vya wazazi, picha mbili za pasipoti, na cheti cha tabia njema cha polisi, ambacho kiliombwa kwenye tovuti ya serikali, eCitizen, kwa shilingi 1,050. Mtu akiweza kulipa shilingi 1,050 ili athibitishe kwamba hana shilingi 1,050, ameanza kuuelewa mpango.

Anza na chifu. Hapo mkaazi wa Ganjoni ana mzigo ambao mwenzake wa Bombolulu hana. Ganjoni, kwa asiyeijua, ni upande wa kisiwa wenye maghorofa, ofisi za meli na mizigo, miarobaini, na watu wanaofunga milango. Kwenye uchaguzi imeunganishwa na Shimanzi ikawa wadi moja ya eneo bunge la Mvita, kwa hivyo kwenye karatasi wewe ni jirani wa matangi ya mafuta. Lakini ukitaja wadi yako mbele ya meza ya serikali, hakuna anayesikia Shimanzi.

"Unakaa wapi?" chifu mmoja aliniuliza.

"Ganjoni, chifu."

Akaweka kalamu chini. "Ganjoni kuna maskini?"

Nikamweleza: chumba cha uani, watu wanne, na baiskeli.

"Baiskeli ni yako?"

Jibu sahihi ni kwamba si yako. Jibu sahihi zaidi ni kutoitaja Ganjoni kabisa. Andika kijiji cha nyanya. Kila mwanafunzi wa Mombasa ana nyanya Kwale au Kilifi kwa ajili ya shughuli kama hizi, na asiye naye huazima. Ila kuwa mwangalifu: nyanya mmoja akiazimwa na watu watatu wa darasa moja, chifu wa kule ataanza kumtembelea.

Kisha kuna barua ya kuthibitisha kwamba mzazi wako hana kazi. Fomu inasema itoke kwa mwajiri wake. Usicheke mbele ya dirisha. Kuna waliocheka na bado wanasoma diploma. Babangu alikuwa kibarua wa mizigo, akaachishwa. Nikamtafuta nyapara wake wa zamani, nikamkuta kwenye kahawa, nikamweleza shida yangu tangu mwanzo. Akachana kipande cha karatasi, akaandika kwa mkono: "Simjui mtu huyu." Akatia tarehe. Ilikubaliwa siku hiyo hiyo, na ndiyo karatasi pekee kati ya zote ambayo hawakuniambia niirudie.

Hatua ya tatu ndiyo moyo wa shughuli, kwa hivyo keti. Ili uombe kazi ya kulipia karo, lazima uwe mwanafunzi aliyesajiliwa muhula huu. Ili usajiliwe muhula huu, lazima uwe umelipa karo.

Rudia kusoma, polepole, kama unavyosoma risiti ya duka usiloliamini. Wengi hudhani hapo pana kosa la uchapaji. Hata mimi nilidhani, nikaenda dirisha namba tatu kwa mama mmoja mwenye huruma kuliko ofisi nzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujasajiliwa."

"Ndiyo, mama. Nataka kazi ili nilipe, nipate kusajiliwa."

"Ukisajiliwa utapewa fomu ya kazi."

"Na nikishalipa, kazi itakuwa ya nini tena, mama?"

Akanitazama kama anayemtazama mtoto aliyeuliza kwa nini bahari ina chumvi. "Mwanangu, kazi hii ni ya wenye shida. Ukishalipa ndipo tutajua kwamba ulihangaika."

Dawa yake ni kukopa. Kopa kwa ukoo, kopa kwa chama cha mama, kopa Fuliza mpaka simu ikuonee haya. Lipa, sajiliwa, piga kopi ya risiti pale saiba, kisha uombe kazi ya kukusaidia kulipa karo uliyokwisha kuilipa. Risiti usiiambatishe kwenye fomu ya kuonyesha kwamba huna pesa. Iambatishe kwenye fomu ya kuonyesha kwamba umesajiliwa. Karatasi ni moja, faili ni mbili, na faili hazisalimiani. Siku zikisalimiana, utaitwa.

Walioingia chuoni chini ya utaratibu wa ufadhili wa 2023 wana mtihani wa ziada, unaoitwa bendi. Kompyuta inakupima na kukutia katika bendi: mwaka 2024 bendi zilikuwa tano, familia ya bendi ya kwanza ikilipa asilimia 5 ya gharama ya kozi, ya bendi ya tano asilimia 40. Kaka zako walilipa ada ya shilingi 16,000 kwa mwaka, nao wakilalamika kwa raha zao. Kompyuta ikikuweka mahali usipostahili, kata rufaa. Rufaa hupelekwa kwa kompyuta.

Hatua ya nne haipo. Ilikuwapo mwaka juzi ikaondolewa, ila kwenye fomu kisanduku chake kimebaki. Kijaze.

Hatua ya tano: usaili. Kamati ina watu watano, chupa sita za maji, na swali moja: kwa nini unataka kazi hii? Usiseme pesa. Aliyeingia mbele yangu alisema pesa, akatoka hata sijamaliza kufunga kifungo cha shati. Sema unataka kujijenga. Sema unataka uzoefu. Sema unataka kukirudishia chuo fadhila. Ukiweza kulitamka hilo la tatu bila kumeza mate, nafasi ni yako.

Mavazi nayo yanasoma. Shati safi, lisilopigwa pasi sana. Viatu vilivyolika kisigino, ila vimepakwa dawa, ili waone umaskini wako una nidhamu. Simu yenye kioo kikubwa iache kwa soja pale getini, na umwite ami, si "wewe". Mlinzi huyo huwa anaijua orodha ya walioteuliwa kabla ya kamati kukaa. Akikurudishia simu na kukwambia "Mungu ni mkubwa," nenda zako nyumbani ukalale. Jina lako halimo.

Tuseme limo. Sasa utapangiwa idara, kwa kanuni isiyoandikwa mahali popote na isiyovunjwa hata siku moja: hupangiwi unachokijua. Wa kompyuta hupelekwa bustani. Wa hoteli na upishi hupelekwa maabara ya kemia kuosha vichupa. Wa uhasibu hupelekwa jikoni kusugua sufuria, kwa kuwa anayejua hesabu hawekwi karibu na hesabu. Mimi nilikuwa nasomea umeme. Nikapelekwa maktaba, kubandika lebo.

Niache nikueleze kazi ya lebo, maana niliifanya mihula mitatu na hakuna aliyewahi kuniuliza. Unachukua kitabu. Unakwangua lebo ya zamani kwa wembe, ukielekeza makali mbali na kidole gumba. Unapangusa mgongo wa kitabu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, si kingi. Unapaka gundi, unaweka lebo mpya yenye namba ile ile ya lebo ya zamani, unafunika kwa utepe wa plastiki, unakandamiza kwa gumba huku ukihesabu mpaka kumi. Arubaini kwa siku. Basi. Ila hii ni Mombasa, na mwezi wa nne hewa yenyewe huwa imelowa. Lebo ya Jumatatu ikifika Alhamisi imenyanyua shingo, Ijumaa imelala kwenye sakafu ikitazama feni. Jumatatu unaanza tena na vitabu vile vile. Kuna kitabu kimoja cha mitambo ya mvuke nilikibandika mara saba, nikaja kukipenda.

Na feni nimeitaja tu, haikuwa inazunguka. Nikafanya kosa ambalo nakusihi usilifanye. Nikapanda meza, nikaifungua, nikaona kapasita imekufa, nikanunua nyingine kwa pesa zangu, nikafunga, feni ikazunguka. Watu wa maktaba walipiga makofi. Siku ya tatu nikapokea barua, ina mhuri, ikinionya kwamba shughuli za umeme si za mnufaika. Barua ilisainiwa na mtu niliyemkuta mara nyingi baadaye amekaa chini ya feni ile, macho ameyafumba.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Nilipochoka na lebo zinazoanguka, nilinunua mkebe wa gundi ya fundi viatu. Lebo sitini nilizobandika kwa gundi hiyo hazijang'oka mpaka leo, na atakayetaka kuzing'oa itabidi aondoke na kitabu. Msimamizi aliniita pembeni. Hakukasirika, alisikitika. "Kijana," akasema, "ukibandika zisitoke, mwenzako wa muhula ujao atafanya kazi gani?" Kumbuka hilo kabla hujamaliza jambo lolote.

Sasa msamiati, maana wengi hupotelea hapa. Usiseme mshahara. Sheria ya Ajira ya 2007 inamjua mwajiri na mwajiriwa, inajua mshahara, likizo na notisi. Tamka neno lolote kati ya hayo ofisini uone madirisha yanavyofungwa. Wewe si mwajiriwa, ni mnufaika. Huna bosi, una mlezi. Huna zamu, una fursa. Unachopata si ujira. Hata posho ni neno la kulichungulia kwanza. Ni msaada. Uzuri wa neno hilo ni kwamba siku ukidai jasho lako unakuwa mtu anayedai msaada, na anayedai msaada hakulelewa vizuri kwao.

Wala usianze fikra za mgomo. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, wa bandari, wa reli, wa mahoteli na wa majumbani, mji ukasimama karibu wiki mbili. Hao walikuwa maelfu, tena hakuna hata mmoja aliyetangulia kuleta barua yenye mhuri kwamba yeye ni mhitaji. Wewe uko peke yako na barua wanayo.

Hatua ya saba (ya sita umekuwa ukiifanya bila kujua, ni kushukuru) inahusu saa. Saa zako huandikwa kwenye fomu, fomu ikasainiwa na msimamizi, ikaenda kwa mkuu wa idara, ikaenda kwa Mkuu wa Wanafunzi, ikaenda uhasibu. Msimamizi yupo. Mkuu wa idara yuko semina Naivasha. Usiulize atarudi lini. Anayerudi kutoka semina ya Naivasha humpisha anayekwenda semina ya Naivasha, na kalamu inayotambulika na uhasibu ni ya yule aliyeko huko. Peleka fomu mapema, peleka nakala, na ubaki na nakala ya nakala. Itakayopotea ni ile iliyosainiwa.

Pesa zenyewe hutazigusa, na hili lielewe kabla hujaahidi mtu kitu. Zinaingia kwenye akaunti yako ya karo. Unafungua tovuti ya wanafunzi usiku, bando likikaribia kuisha, unaona tarakimu imesogea: juzi ulidaiwa 23,400, leo 21,900. Tarakimu hiyo ndiyo malipo. Huwezi kuitoa, huwezi kuituma, huwezi kuila. Nilijaribu kumweleza mama aliyekuwa akituuzia mahamri na mbaazi pembeni mwa barabara, chini ya mwavuli wa rangi ya kijani. Nikamwonyesha simu. Akavaa miwani, akasoma kwa makini, akanirudishia. "Imesogea kweli," akasema. "Na yangu isogeze."

Zingatia pia tarehe. Saa za muhula huu huingia muhula ujao. Mtihani uko muhula huu. Kadi ya mtihani hupewa asiye na deni. Kwa hivyo wiki ya mtihani utakuwa unakidai chuo na unadaiwa na chuo, siku moja, dirisha moja, na dirisha litakumbuka deni moja tu. Utakopa tena. Wanaokukopesha ni wale wale, ila sasa wanauliza lini.

Hapo, kama wiki ya saba hivi, utasema liwalo na liwe, nitatafuta kazi mtaani. Vizuri. Ganjoni imejaa ofisi za mawakala wa forodha, na watakupokea kwa mikono miwili, kama atachi. Atachi ni mtu aliyebandikwa ubavuni mwa kazi, kwa gundi ya kawaida. Utapeleka makaratasi geti la bandari, utapanga foleni benki, utanunua wali wa nazi wa bosi na kurudi na chenji iliyotimia. Jioni utajaza kitabu cha kumbukumbu: "Leo nimejifunza taratibu za uondoshaji wa mizigo." Sheria inamtaka mwajiri atoe shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, ziende kwa mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA. Ukiulizia ofisini utakuta kila mtu amezisikia hizo hamsini. Nauli yako ni suala la moyo wa bosi, na moyo wa bosi huwa haupo ofisini baada ya saa nane.

Chagua na mwaka. Mwaka 2019 serikali iliamuru mizigo ipande reli ya SGR ikakaguliwe bara, watu wa Mombasa wakawa wanaandamana Jumatatu, na ofisi nyingi zikabaki na kabati, kalenda na karani mmoja. Septemba 2022 rais mpya akaapishwa na kuamuru shughuli zirudi bandarini Mombasa. Walioatachiwa katika kipindi cha kwanza walijifunza karata. Wa kipindi cha pili walijifunza kukimbia. Kitabu cha kumbukumbu cha wote wawili kinafanana neno kwa neno, maana walinakili kwa kaka zao.

Na kuna wanaofanya kazi bila kutoka chumbani. Taa ya chumba chetu ilikuwa ikiwaka mpaka saa tisa usiku kwa sababu ya mwenzetu mmoja aliyekuwa akiwaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza. Biashara hiyo ni kubwa Kenya. Kila mtu anaijua, hakuna anayeitaja mbele ya mhadhiri. Alilipwa kwa ukurasa, kwa dola, bila barua ya chifu, bila nyanya. Ukitaka kuwa mkweli, yeye ndiye pekee kati yetu aliyeajiriwa na vyuo vikuu, tena vya ng'ambo, ingawa vyenyewe havikuwa na habari. Amewatoa wauguzi wawili na mwanafalsafa mmoja. Digrii yake mwenyewe, ya uhasibu, alikuwa akirudia mwaka wa pili. Siku akaunti yake ilipofungiwa alinyamaza wiki nzima, kisha akaniuliza ile kazi ya lebo inaombwaje. Nilimpeleka kwa mwenye gundi.

Hatua ya mwisho ni kuondoka, nayo ina madirisha tisa. La kwanza, unarudisha kitambulisho cha mwanafunzi, wanakikata pembe mbele yako. La pili, michezo. Utaapa hukuchukua mpira. La tano ni maktaba. Hapo kijana mgeni, mnufaika wa muhula huo, alinitolea kwa heshima kitabu cha mitambo ya mvuke akaniuliza kama ni mimi niliyekiharibu kwa gundi isiyotoka. Nikalipa faini. Kijana alinipa risiti, akaibandika kwenye fomu yangu. Haikunata.

Dirisha la tisa ni uhasibu, na huko nilipata habari njema. Saa zangu za muhula wa mwisho zilikuwa zimeingia. Sidaiwi tena. Kinyume chake, akaunti yangu ina ziada ya shilingi 2,850, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne mimi ndiye ninayekidai chuo, kwa maandishi, kwenye kioo cha kompyuta yao.

"Basi naomba cheti changu, mama."

"Cheti hutoka akaunti ikiwa sifuri, mwanangu. Isiwe chini, isiwe juu."

Ziada huombwa kurudishwa kwa fomu maalumu. Fomu ni ya wanafunzi tu, na lazima uambatishe kitambulisho cha mwanafunzi. Kile cha dirisha la kwanza. Kwa hivyo, kabla hujakirudisha, pita saiba ukipige kopi, pande zote mbili, tena kopi mbili. Moja watakwambia haionekani vizuri.